Niliyemnyamazisha Bi Tatu

Kisiwani, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua imefika Handeni, au bado mnafukuzana na ndoo kule lamboni? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio umevurugika. Ningepiga simu, lakini ningelia tu na salio likaisha hujaelewa kitu. Barua hii nampa mwalimu anayekwenda likizo Korogwe. Ataiacha Segera kwa Mama Mdogo, pale kwenye machungwa yake.

Mama, nina hasira. Unajua kazi yangu huku ni kupika kwenye nyumba ya wageni wanaokuja kuandika vitabu na kuchora. Jioni wakila, kila mmoja anasema kisiwa hiki kidogo kinampa mawazo. Bahari inamwongelesha, mchanga unamwongelesha, ukimya ndio usiseme. Nawapakulia samaki, nanyamaza. Huo ukimya nautengeneza mimi! Mimi ndiye ninayefukuza watoto wasicheze mpira karibu na madirisha yao. Jogoo wa jirani akizidisha kuwika, meneja anamnunua, nami namtia kwenye nazi. Tumekula majogoo wiki nzima.

Basi, nyuma ya jiko langu anakaa Bi Tatu, mjane, mtu mzima wa makamo yako. Nilipofika huku hata kupara samaki sijui, yeye ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi alikuwa anatwanga makopa ya muhogo na kuimba, na wimbo anautunga palepale kwenye kinu. Kwetu ukigombana na mtu unapanda basi, unakaa Hale kwa dada wiki mbili, hasira inapoa. Huku utapanda nini? Uliyegombana naye utakutana naye kisimani, dukani na msibani. Kwa hiyo Bi Tatu alikuwa anamtia kwenye wimbo. Alimwimba mwenye duka anayepunja sukari. Aliniimba na mimi, mtoto wa bara niliyetapika njia nzima kwenye boti, nikacheka mpaka nikakaa chini. Watu wakipita pale walikuwa wanapunguza mwendo wasikie leo ni zamu ya nani. Kama wageni wangu wanataka kujua kisiwa kinampaje mtu mawazo, wangeniuliza mimi: hakuna pa kukimbilia, ndiyo maana.

Mwezi uliopita akaja mwandishi mmoja, mama wa mjini. Siku ya tatu akalalamika kwamba kuna kinu kinamwamsha. Meneja akaniita. "Zaina, wewe mnaelewana na yule mama. Kamwambie."

Nikaenda, Mama. Hapo ndipo ninapojichukia. Sikukaa hata mkekani, nilisimama uani kama mgambo. "Bi Tatu, wageni wanaomba usitwange asubuhi. Wanalala."

Akauegemeza mchi ukutani. "Nani kakutuma?"

"Meneja."

"Na miguu yako ikakubali kuja."

Akakiburuta kinu mpaka ndani. Tangu siku hiyo makopa yake akawa anapeleka mashineni, na mimi nikimpa shikamoo anaitikia akiangalia pembeni. Na tunaonana mara tatu kwa siku.

Sasa sikia. Juzi yule mwandishi kaingia jikoni, nywele timtim, madaftari kwapani. "Dada Zaina, yule mama anayeimba kaenda wapi? Sura nzima ya kitabu changu ni yeye. Nimekwama katikati."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Si wewe uliyelalamika?"

"Nililalamikia kinu. Wimbo sikuulalamikia. Si angeimba tu, saa nne hivi, nikishakunywa chai?"

Mama, nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauweka chini kwa usalama wake. Nikamwambia, "Wimbo wa yule mama haupo bila kinu, na aliyemnyamazisha ni mimi, kwa ajili yako. Kaandike hilo!" Akaanza kulia. Meneja naye, badala ya kuona aibu, akanipa doti ya khanga nimpelekee Bi Tatu ili aanze tena. Nikaiacha juu ya meza yake.

Jana nikaenda kwa Bi Tatu mwenyewe, mikono mitupu. Nikakaa chini, nikamwomba radhi. Nikamwambia akitaka kutwanga, nitasimama mlangoni na hakuna meneja atakayepita. Akanitazama sana.

"Radhi nimekupa, mwanangu," akasema. "Ila ulikuja siku mbaya. Miaka yote nawaimba watu wa kisiwa kizima, marehemu binti yangu namkwepa. Wiki ile ndiyo nilikuwa nimeanza kumtaja jina. Juzi nimekitoa kinu, nikashika mchi, nikangoja. Wimbo hauji, naona mchi tu."

Ningetukana, lakini wa kutukanwa nilikuwa mimi.

Kazi nimeiacha leo. Najua utanigombeza, nigombeze tu. Nimehamia kwa Bi Tatu, na asubuhi hii nimetwanga mimi, kwa nguvu zangu zote, mpaka madirisha ya wageni yakafunguka moja baada ya jingine. Sina sauti wala maneno, ni kelele tupu, na kelele ndizo nilizozitaka.

Nisalimie baba, asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli yangu, sijakwama. Nisalimie dada wa Hale na mume wake, bibi mzaa baba kule Dindira, na Mama Mdogo akikuletea barua hii mpe chai kwanza.

Bi Tatu anakusalimu sana. Ameniuliza, "Mama yako akitwanga, huimba nini?" Miaka ishirini nimelala chumba kilichopakana na kinu chako, Mama, nimeshindwa kumjibu. Niandikie. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Zaina