Rukia na Sindano ya Mafua

Dada Zuhura, mke mwenzangu,

Wanawake wa mtaani wakijua nakuandikia watacheka mpaka kanga ziwadondoke. Mke mwenza kumlilia mke mwenza! Waache wacheke. Mume wetu yupo kazini bandarini, nyumba imetulia, na nina habari ambayo sina mwingine wa kumpa. Inamhusu Rukia wako.

Tangu ulipotutoka anaishi kwangu. Unajua mtoto yule alivyokuwa msemaji, mpaka ulimwita redio. Baada ya matanga alinyamaza. Aliendelea kuniita mama mdogo, alikula, alikwenda shule, lakini mazungumzo yake yakawa ndiyo na hapana. Pumu nayo haijamwacha. Kifua kikimbana yeye, ninayekosa hewa ni mimi.

Nikikumbuka mwaka jana naumia. Ulianza mafua wakati tunapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, na Mikindani nzima nani hakohoi kipindi cha salfa? Nilikuambia upumzike, ukanicheka. "Hii salfa tu, Bi Mdogo, ikiisha nami nitapona." Sote tulikubali, maana kila mwaka ndivyo inavyokuwa. Salfa ikaisha, kikohozi kikabaki, homa ikapanda. Tulipokufikisha hospitali mapafu yalikuwa yameshachoka. Rukia alichungulia mlangoni wakati unachomwa sindano ya mwisho.

Mwaka huu, kabla salfa haijaanza, kliniki ya mkoba ilikuja pale shuleni kwa siku mbili, na safari hii ilikuwa na chanjo ya mafua. Nesi wao, mama mnene mwenye sauti ya muuza samaki, alipita mitaani akieleza wanaofaa kuchanjwa: wazee, wajawazito, wenye pumu na wanaowalea. Nilivaa baibui mbiombio, nikamshika Rukia mkono. Tulipofika mlangoni akaganda.

"Mama alichomwa sindano, akafa."

Zuhura, muda wote huo mtoto alikuwa amelibeba hilo na mimi sikujua! Nilimweleza kwamba sindano ile ilitaka kukusaidia, ilichelewa tu. Nesi naye akaeleza. Wapi! Mwishowe Rukia akanikazia macho yako yale ya kukagua samaki sokoni, akatoa sharti lake. "Uchomwe wewe kwanza, mama mdogo. Kesho ukiamka mzima, na mimi nitachomwa."

Unanijua mimi na sindano. Si wewe uliyenikalia miguuni nilipotumbuliwa jipu, ukacheka mpaka machozi yakakutoka? Basi nilipandisha mkono wa gauni, nikang'ata mtandio, nikachomwa. Haikuuma kama nilivyodhani, ila nilifumba macho.

Kuanzia hapo nikawa chini ya ulinzi. Nikienda uani, Rukia yupo. Nikipuliza moto, anasogeza kigoda anitazame usoni. Baada ya adhuhuri nilijinyoosha mkekani kidogo, nikahisi kidole chini ya pua yangu: anapima kama napumua. Nilipocheka, akakasirika kweli.

Alasiri mwili ukapata joto. Nesi alikuwa amenionya, mkono ungeweza kuuma na mwili kuchemka kidogo, kisha yangeisha. Lakini Rukia ningemwambiaje? Nikainuka nikatwanga kisamvu kwa nguvu zote, huku naimba taarabu hovyo, ili anione mzima. Akaja, akaniwekea kiganja shingoni, akakiacha pale. Kisha akaangua kilio, Zuhura, kilio ambacho hakukilia hata siku ya msiba wako.

Nikaweka mchi chini. Nikamwambia kweli, nina joto, mkono unauma, na nesi alisema itakuwa hivyo. Nikamwambia mama yake hakuuawa na sindano, aliuawa na ugonjwa ambao sisi watu wazima tuliuita salfa. Nikamwambia na mimi nakulilia, kwamba mpaka leo nikichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nakutengea yako, kisha naiona inapoa. Tulilia wote wawili palepale kinuni, mboga imetwangwa nusu. Alipomaliza aliniletea maji, akanifunika kanga yako, akakaa miguuni pangu.

Kesho yake niliamka joto limekwisha. Sijanawa uso, yeye ameshavaa sare na amesimama mlangoni. "Mama mdogo, fanya haraka, watafunga!" Na njiani, dada, aliongea. Habari za mwalimu wa hesabu, za paka wa jirani anayeiba dagaa, za rafiki yake aliyeng'oka jino, habari zote alizokuwa amejiwekea. Nilikuwa naitikia tu, naogopa kumkatiza.

Alichomwa, akakunja uso, hakulia. Nesi akampigia makofi. Nikamwambia haya, twende nikuache darasani, nirudi nimalize kazi zangu. Akanivuta baibui. "Mimi jana nilikulinda. Leo zamu yako." Nikamwombea ruhusa kwa mwalimu, tukarudi wote nyumbani.

Nesi hakutudanganya, alisema chanjo haizuii kila kitu. Salfa itapulizwa na vifua vitakohoa. Ila mwaka huu kikohozi cha mtu wa nyumba hii kikigoma kuondoka, nitampeleka hospitali hata kwa kumkokota, na atakayenicheka acheke. Mume wetu nimeshamwambia hivyo, naye kwa mara ya kwanza hakubisha.

Rukia amelala hapa mkekani, sare hajavua, na mimi naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko mgongoni kwake. Anapumua vizuri, Zuhura. Mungu akupe nafasi pana huko uliko, na usihangaike na huku. Zamu nimeipokea, na sitamwachia mtu.

Bi Mdogo wako,
Halima