Nafasi Aliyoiacha Noel

Thornton Heath, 8 Juni 2025

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haijui kwamba ni Juni. Wewe na macho yako mnaendeleaje?

Msimu umeisha, timu yetu imekuwa ya tano. Wachezaji wanapumzika, sasa sisi wa ofisini ndio tunatoka jasho. Ligi yetu ya kikapu ina kikomo cha mishahara: ukijumlisha ya wachezaji wote, isipite hapo. Sisi tumeshafika darini, na bosi wangu Rupinder anataka kusajili mchezaji mrefu wa katikati. Kwa hiyo lazima mmoja tumbadilishe na wa timu nyingine mwenye mshahara mdogo, tupate nafasi. Kupendekeza nani, ndiyo kazi niliyopewa.

Noel naye anapumzika na wachezaji wenzake, anakusalimia, mwambie na mama yake. Leo Jumapili nimekula kwao tena. Mkewe Bridget, Mkenya yule, sasa anajua kupika ndizi kwa nyama. Mtoto wao ameanza kukaa.

Mwanao,
Severin

Moshi, 25 Juni 2025

Severin baba, marahaba. Mimi nasema, dada yako Haika anaandika. Akikosea mgombeze yeye. Macho bado, daktari kasema oparesheni mwezi wa nane. Haika naye ameitwa usaili wa kazi Dodoma, tuombee.

Nina neno. Mama Noel alikuja jana, hata chai hakunywa. Noel amempigia kwamba mwisho wa Julai anapelekwa timu ya Aberdeen, mbali huko Uskochi. Hakuulizwa. Bridget ndiyo kwanza kapata kazi ya unesi hapo London, hawezi kuiacha, kwa hiyo baba atakaa Aberdeen, mama na mtoto London. Ndoa gani hiyo? Wewe ndiye uliyemshawishi Noel aende huko, na wewe uko ofisini. Nimemwambia Mama Noel, "Severin yupo, hatakubali." Usiniaibishe, baba. Nenda kwa huyo Rupinder ukaseme.

Mama yako

Thornton Heath, 19 Julai 2025

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu, afya ni njema. Haika, kama Mama Noel yupo hapo, subiri aondoke ndipo usome.

Mama, siwezi kwenda kusema, kwa sababu aliyempendekeza Noel ni mimi. Alikuwepo mwingine, Mmarekani, mshahara wake ungetosha kabisa. Lakini niliogopa ofisini wangesema namlinda Mtanzania mwenzangu. Nikataka waone sina upendeleo. Nikamtaja Noel, wakakubali palepale, Rupinder akanisifu kwamba najua kazi. Siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Wameshasaini. Noel hajui. Jumapili iliyopita alinishukuru, eti anajua nilimtetea mpaka nikashindwa. Nikaendelea kula, Bridget akaniongezea mchuzi. Baadaye nikamsaidia kufunga masanduku. Najiona mchafu, mama. Jumapili ya tarehe 27 ndiyo ya mwisho kabla hajaondoka, na wameniita tena. Sijui niende na uso gani. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Severin

Moshi, 22 Julai 2025

Severin, hujambo. Shikamoo yako mama yako ameipokea. Afya tunayo.

Haika alipata ile kazi, yuko Dodoma tangu mwanzo wa mwezi. Anayemsomea mama yako simu siku hizi ni mimi. Nilipofika pale uliposema nisubiriwe niondoke, niliweka simu mezani nikatoka mpaka uani. Nikarudi, maana mama yako alikuwa anaita, "Vipi, mtoto anaumwa?" Nikamsomea yote, sikuruka neno.

Amelia sana. Anasema kwa leo hana la kukuambia, niandike mimi ninavyoona. Nilikuwa nimeandika mengi ya hasira, nimeyafuta. Wewe na Noel niliwalisha sahani moja tangu mko chekechea. Imeniuma, Severin, sitakuficha.

Noel sijamwambia, na sitamwambia. Jumapili nenda. Bridget akileta maji, usinawe kwanza. Mwambie Noel.

Mama Noel