Mwanamke Aliyeinua Bila Kutwikwa

Kamembe, Jumanne usiku

Bado namwona. Yule mwanamke wa mashindano ya dunia, kwenye televisheni ya jirani yetu, fundi cherehani. Alikuwa ameshindwa mara mbili kuinua vyuma. Akishindwa tena, anarudi kwao mikono mitupu.

Binti yangu Furaha alikaa sakafuni, alama ya kamba ingali kwenye paji lake. Tangu vita vimchukue mume wake kule Bukavu, tukakimbilia huku, anavusha magunia ya muhogo kwenye daraja la mpakani, gunia mgongoni, kamba kichwani. Shingo inamuuma. Namsihi apumzike, namsomea hata maneno ya vitabu vyangu, hasikii.

Yule mwanamke alipoinama, Furaha aliinuka ghafla, mikono mbele, kama wafanyavyo wabebaji mwenzao akitaka kutwikwa. Tukacheka.

"Maman, ule muzigo uko mbali sana," fundi akamwambia Furaha.

"Lakini hana muntu wa kumutwika?"

Hakuwa naye. Aliinua peke yake hadi juu ya kichwa, akasimama. Sijawahi kuona nguvu iliyotulia namna ile. Hata fundi aliacha kutafuna karanga zake. Kisha yule mwanamke akaachia, vyuma vikaanguka kwa kishindo, na watu wakampigia makofi.

Tulipofika mlangoni kwetu, binti yangu akanigeukia.

"Papa, hata yeye ameshika kidogo tu, akaangusha. Kesho sitavuka."

Vitabu vyote nilivyosoma miaka hii ya ukimbizi havikunipa neno la kumfanya atue gunia lile, hata kwa siku moja.