Titulaire Atakupigia Jumapili

Kampala, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, si umesimama jikoni. Mgongo unaendeleaje? Baba mdogo aliniambia maji yamerudi hapo mtaani Ndosho na makala ya kupikia yamepanda bei, lakini nilipouliza mgongo wako alijibu tu, "Iko sawa." Mimi naijua "iko sawa" ya baba mdogo. Mimi ni mzima. Sikupiga simu kwa sababu simu yake inasikilizwa na parcelle nzima, wote mnaokaa ua mmoja, na haya nataka uyasome mwenyewe, polepole, kabla ya Jumapili.

Kazi yangu bado ni ya kumhudumia bibi mgonjwa: kumwogesha, kumgeuza, kumpa vidonge. Uuguzi wenyewe sitaruhusiwa mpaka nifaulu mtihani wa leseni wa hapa, nao ni kwa Kiingereza. Mchana bibi akilala, ninasoma dawa kwenye simu. Nimejitengenezea kadi ndogo, sasa zimepita mia nne. Upande mmoja kuna jina la dawa. Ukigusa, kadi inageuka na kukuonyesha kipimo na hatari yake. Nikikosa, kadi inarudi kesho. Nikipata, inakaa wiki nzima ndipo inarudi.

Mwanzoni kosa langu lilikuwa moja. Sisi Wakongomani tulisomeshwa kwa Kifaransa, na virgule, ule mkato, kwetu ndiyo inayotenga namba nzima na sehemu yake. Hapa wanaweka nukta, na virgule yao ni ya maelfu. Nilipoona uniti 5,000 za dawa ya kuzuia damu kuganda, nilisoma tano. Tano, Mama! Mgonjwa wa kwenye simu nilimuua mara nyingi. Na ni mimi huyu ambaye Ndosho wananiita Mama Virgule.

Jina hilo unalijua, na umelibeba sokoni na kanisani bila kunilalamikia. Lakini sijawahi kukueleza yote kwa mpangilio. Acha nieleze.

Mlima ulikuwa umetoa moto, ardhi inatikisika, na asubuhi ile tangazo likaja kwamba watu wahame. Barabara ya Sake ilijaa magodoro. Pale kituo cha afya cha Katoyi tulibaki wawili. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikifunga masanduku ya chanjo, naye titulaire, mkuu wetu wa kituo, alikuwa mbele. Mama Bahati, jirani yetu, akaleta mtoto wake mwenye degedege. Titulaire akamtoa mama nje. Kupitia mlango nilimsikia akihesabu kipimo kwa sauti: "Zéro virgule trois," yaani hata nusu mililita haifiki. Mke wake alikuwa nje juu ya pikipiki, anamwita. Nilipoingia, titulaire ameshaondoka na mtoto hapumui. Kwenye sinia kulikuwa na chupa mbili zilizovunjwa na sindano iliyovuta mililita tatu nzima. Nilimpulizia hewa dakika arobaini. Hakurudi. Mama Bahati aliniona mimi nikitoka na mtoto mikononi.

Kwenye kikao cha kuchunguza kifo hicho, register, kitabu cha wagonjwa, ilikuwa na saini yangu ambayo sikuitia. Titulaire akasema kwa upole, "Furaha ni mutu muzuri, lakini hakuona virgule." Hakuongeza neno. Nilifukuzwa kazi, na Mama Bahati akaacha kukusalimia.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita, kwenye kanisa la Wakongomani hapa, mtu alinigusa bega.

"Eh, Mama Virgule! Na weye uko huku?"

Ni yeye. Amekonda.

"Niko. Na weye, titulaire?"

"Waasi waliingia muji, tukatoka. Vita haiangaliake cheo." Akavuta kiti. Mtihani ule ule umemwangusha mara mbili, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho. "Hizi virgule za Waingereza zitaniua. Wanasema uko na kadi mu simu. Unitumie basi, sisi wote watu wa Goma."

Alicheka. Nami nilicheka.

Nilipofika nyumbani nilifungua kadi na kuanza kusogeza nukta, moja hapa, moja pale. Niliharibu kadi thelathini na mbili, Mama, na mkono wangu ulikuwa umetulia. Kisha nikawaza: akibahatika kufaulu kwa mengine, atazibeba namba zangu mpaka kitandani pa mtoto wa mtu, na siku hiyo saini itakuwa yangu kweli. Nikazirekebisha zote. Sikumwonea huruma. Ninataka alipe yeye, asilipe mtoto mwingine.

Jana nilimpigia.

"Kadi utapata. Jumapili, ibada ikiisha, utapigia mama yangu. Mama Bahati atakuwa pale. Utasema nani alichoma sindano, na nani aliandika saini yangu."

"Furaha, hayo ni ya zamani..."

"Mutihani ni Alhamisi ya juma lijalo, titulaire."

"Basi nitasemea mama yako peke."

"Mbele ya wote, haut-parleur wazi, kila mutu asikie."

"Weye umekuwa mubaya."

"Ndiyo."

Amekubali. Kwa hiyo nakuomba uende mwenyewe kwa Mama Bahati. Usitume mtu. Asipokufungulia, rudi kesho yake. Mwambie tu kuna mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile anataka kusema naye.

Nisalimie baba mdogo, mwenye simu. Mwambie aijaze moto, betri isiishe, na asiende popote. Msalimie dada Neema, mkubwa wangu aliyegombana na nusu ya kwaya kwa ajili yangu, akae mbele. Shangazi wa Kalengera naye, kama barabara imemruhusu kushuka, asikose.

Titulaire ataanza kwa kulia. Atataja shetani, atataja mlima. Mlima haukushika sindano. Nakujua moyo wako, Mama: utataka kumwambia yameisha, Mungu ni mwema. Usimwambie. Msamaha huo si wako wala si wangu. Akimaliza kusema, kaa kimya na umpe Mama Bahati simu, aishike muda wote anaotaka. Mimi kadi sitazituma mpaka Mama Bahati mwenyewe anipigie aniambie amesikia.

Binti yako,
Furaha