Choo Kipo, Mkwe Haingii

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana wageni wa mkoa wanakuja wiki ijayo na mimi ndiye niliyechaguliwa kusema kwa niaba ya kina mama. Mume wangu, nimwite Bujiku, ni balozi wa nyumba kumi, na ilipokuja amri kwamba kila kaya ichimbe choo yeye alikuwa wa kwanza, akachimba mbele ya nyumba ili watu waige, wakaiga kweli, Bwana Afya akapita akaandika kwamba kijiji chote kina vyoo, tukapigiwa makofi mkutanoni, na sasa wageni wanakuja kufanya tathmini ili amri hiyohiyo ya choo kimoja kwa kaya ipelekwe mkoa mzima. Lakini mama, kwetu Usukumani mkwe hashiriki choo na baba mkwe, hata kuonekana unakielekea ni aibu, na baba mkwe wangu tunaishi naye, anashinda barazani akikitazama, kwa hiyo mimi na wenzangu wenye wakwe tunakwenda bondeni, karibu na kisima tunachochota maji, na mvua zilipoanza watoto wakaharisha, Salvina wangu akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikadhani namzika. Nilipomwambia Bujiku akasema, “Mama Salvina, waambie tunakitumia wote. Unataka nichekwe na kijiji kizima?” Nikisema kweli namwaibisha mume, nikidanganya namtazama mwanangu nashindwa kula. Nifanyeje?

Mke wa Balozi, Ushirombo

Marahaba, Mke wa Balozi. Pole sana kwa mtoto. Na acha kutetemeka, mabalozi huko kwenu ni wengi, hakuna atakayekutambua.

Sasa nikugombeze. Wewe na mumeo mnadhani tathmini ni mtihani wake. Siyo. Amri ile iliandikwa ofisini na watu ambao pengine hawajawahi kuishi na mkwe, wakadhani watu wa kaya moja wanaingia choo kimoja. Bwana Afya naye aliulizwa vyoo vimechimbwa vingapi, akahesabu mashimo, akajibu alichoulizwa. Hakuna aliyeuliza nani anaingia! Wageni hao wanakula vumbi la njia nzima ili wajue hilo, nawe unataka kuwapa uongo waondoke nao. Wakiupeleka mkoani utageuka mpango, na kina mama wa vijiji vingine watachimbiwa choo wasichoweza kukiingia, nao watatafuta bonde lao.

Fanya hivi, na uanze leo. Mwambie Bujiku achimbe choo cha pili, nyuma ya nyumba, kizungushiwe matete, kiwe mbali na kisima, kiwe chako. Mambo ya baba mkwe mwachie mwanawe ayaseme. Kisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, awaambie wageni: tulichimba, tukaona kasoro, tumeanza kurekebisha, na amri yenu nayo irekebishwe. Balozi anayesema hivyo hachekwi, anaulizwa amefanyaje. Na maji ya kisima hicho yachemsheni, usingoje wageni wala mkutano.

Akikataa, mtafute Bibi Maendeleo atakayefuatana na wageni. Mpeleke kisimani mkiwa wawili, umwonyeshe njia mnayopita na mnakoishia. Atakuelewa bila wewe kumtaja baba mkwe, na mumeo utakuwa hujamvunjia heshima mbele ya watu. Ila wakikuuliza waziwazi kama unakitumia choo kile, jibu hapana. Neno hilo moja linatosha, maelezo mengine atayatoa Bibi Maendeleo.

Najua Bujiku atanuna. Mpakulie ugali wake, umwache anune mpaka achoke. Hakuna mtoto aliyezikwa kwa sababu baba yake alinuna.