Namba ya Asubuhi

Jumapili, 9 Machi
Wa pili! Jana tumekosa dhahabu kwa urefu wa kiganja. Wanne wote tulilia, na kocha akajifanya anafuta miwani. Leo siwezi hata kuinua mkono nichane nywele. Na Jumapili ijayo tunaogelea tena, fainali ya msimu — siku saba tu!

Amri ya kocha: wiki nzima hakuna kukimbizana majini. Kula, kulala, kujinyoosha. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga sakafu, hesabu mapigo ya moyo dakika nzima, mtumie namba. Ikizidi ya kawaida kwa kumi, mwili haujapona, huingii majini. Hana utani katika hilo.

Kawaida yangu 58, ya dada 62. Tunalala chumba kimoja, namhesabia mimi. Macho yake hayauoni tena mshale wa sekunde.

Jumatatu, 10 Machi
Pumzika, anasema! Na mashuka ya hoteli atayapiga pasi nani? Msimamizi wetu wa dobi kanijibu nikitaka kupumzika nizeeke kwanza. Nina miaka 56, mjinga yule!
Mimi 60. Dada 66. Nimetuma.

Jumatano, 12 Machi
Dada 75. Nimehesabu mara mbili.

Kumi na tatu zaidi. Nikakaa kitandani na simu mkononi, nikapiga hesabu nyingine. Kundi letu la kupokezana, umri wa wanne ukijumlishwa lazima ufike 240. Mimi 56, mshonaji 60, mwalimu wa hesabu 59, dada 68. Tunavuka kwa miaka mitatu. Wa akiba ana 44. Akiingia yeye, tunatupwa kwa wanawake wa umri mdogo, watatumeza wazima wazima.

Nimetuma 65.

Dada akauliza, ngapi? Sitini na tano, nikasema. "Aa, basi mimi mzima! Nilidhani nachoka bure." Akaamka, akafagia ua wote.

Alhamisi, 13 Machi
Dada 80. Nimetuma 63.

Ijumaa, 14 Machi
Dada 84. Nimetuma 62, ile ile ya kawaida, nisijikoroge.

Mazoezi mepesi jioni. Dada kavuka bwawa mara mbili tu, kang'ang'ania ukingo. Mshonaji, ambaye hana breki mdomoni, akauliza mbona midomo ya dada imepauka. Maji ya baridi, nikamjibu haraka. Kocha akaangalia karatasi yake, akasema namba za dada ni nzuri kuliko za wote, tuige mfano! Wakampigia makofi. Dada akacheka kwa aibu kama bibi harusi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuelea, kiganja chake chini ya tumbo langu, akiniambia sitakuachia mpaka uniambie. Na kweli hakuniachia.

Jumamosi, 15 Machi
Dada 88.

Nikamwambia twende kliniki, mara moja tu, wakuangalie. "Ya nini, mdogo wangu, na moyo wangu ni wa msichana? Si unahesabu wewe mwenyewe!" Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo nilikuwa nao.

Niandike basi, humu hamna wa kunisuta: naitaka dhahabu. Miaka 56 na sijawahi kuwa wa kwanza katika lolote, hata kuzaliwa nilizaliwa wa mwisho. Naitaka, na najichukia.

Chakula cha jioni nilijaza sahani mara ya pili. Dada akanitania: tamaa mbele, mauti nyuma! Yeye hakula, alisema amejaa furaha.

Nimetuma 62.

Jumapili, 16 Machi
Asubuhi sikuhesabu. Niliogopa. Nimetuma 62.

Naandika chumba cha kubadilishia nguo. Zamu yetu baada ya mbio mbili. Mshonaji na mwalimu wametangulia nje. Dada yuko karibu yangu benchini, kofia kichwani, hajasimama tangu tuingie. Miguu imemvimba vifundoni, kwa nini sikuiona jana?

Kocha kabisha hodi mlangoni. Anataka namba ya mwisho kabla hajapeleka karatasi ya majina kwa waamuzi. Ikishapelekwa haibadiliki. Nikamwambia ngoja, nahesabu.

Dada kaninyooshea mkono mwenyewe. "Hesabu vizuri, leo moyo wangu una haraka. Lakini ukisema uko sawa, naruka."

Nimehesabu dakika nzima. Mkono wake baridi.

104.

Wanawake wa mbio zinazotutangulia wanaitwa. Kocha anabisha tena: ngapi? Dada anachungulia daftari hili, ameziona tarakimu lakini miwani yake iko ndani ya mkoba. Anacheka, anauliza, hapo umeandika sitini na mbili, sivyo?