Katoni ya Kurudi Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Katoni imepatikana! Ya friji, pana, nzima, bado inanuka gundi. Nimeibeba kichwani kutoka duka la vyombo vya umeme hadi shuleni, watu wananikodolea macho. Mwenye duka aliniuliza nahamia wapi. Nikamjibu, mwaka wowote utakaopatikana. Hakucheka. Nadhani asubuhi ilikuwa bado mbichi kwake.

Kanuni nimeziandika ubaoni. Anayeingia ndani yuko mwaka mwingine. Anajua kile alichokijua mwaka huo, basi — hakuna kuchungulia mbele. Walio nje wana maswali matatu, na yeye anajibu kweli tupu.

Mkuu wa shule alichungulia dirishani, akauliza kama hii nayo ni falsafa au tumefungua bohari. Nikamweleza: vijana hawa ukiwaambia “utambulisho wa nafsi” wanasinzia, ila waambie mtu karudi nyuma akajikuta yeye mwenyewe amekaa kitandani, watagombana hadi kengele. Kanipa mpaka mwisho wa muhula. Haya.

Wa kwanza kuingia: binti yangu, Kifungo. (Jina la nyumbani, tangu alipomeza kifungo cha shati langu. Darasani simwiti hivyo, atanichinja.) Alichagua mwaka wa darasa la nne. Wakamuuliza yuko wapi, akasema amekaa kwenye ngazi. Anafanya nini? Anamsubiri baba. Baba atakuja? Hajui, bado anasubiri. Wenzake wakacheka, wakanigeukia. Mimi nikampigia makofi — hakuchungulia mbele hata chembe! Ndivyo inavyochezwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimewasomea kisa changu kipya, Mji wa Milango. Kila anayezaliwa mjini humo hupewa mlango mmoja wa kurudi nyuma, wa kutumia mara moja tu. Bibi mmoja hajawahi kuutumia wake, anaanikia nguo. Kwa nini? Ubishi ulianza hapo hapo. Mmoja kasema bibi ni mwoga. Mwingine, ameridhika. Kifungo kasema labda kila akitaka kuufungua anakuta nguo hazijakauka. Nimecheka hadi machozi.

Sitaki Ijumaa ichelewe. Mke wangu kasema nikae chini, nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya nini leo?

Niandike kama ilivyokuwa. Swali: ukipewa mlango wako, ungebadili nini? Wakaona haya kuanza. Basi nikaanza mwenyewe, mjuaji mimi. Nikachora ubaoni: kijana, tiketi mkononi, kapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Upande wa pili, duka la fotokopi na msichana nyuma ya mashine. Mashine ikatafuna cheti changu. Nikaambiwa nirudi kesho. Nikarudi kesho, na keshokutwa, na siku zilizofuata, hadi ndege ikaruka bila mimi. Msichana ndiye mke wangu. Nikawaambia: mimi ningerudi, nikapanda ile ndege. Mfano tu. Mfano!

Kuna kijana tunamwita Wakili, hawezi kuona hoja inapita asiidake. Akanyoosha mkono. Mwalimu, ukipanda ndege humwoi mama. Usipomwoa mama, basi... Akamtazama Kifungo. Darasa zima likamtazama Kifungo.

“Sahihi kabisa!” nikasema.

Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi kweli, wiki nzima nilikuwa nangoja mtu aifikishe hoja pale. Nikachukua dasta. Nilikuwa nimechora familia, baba, mama, na katoto katikati. Nikakafuta kale katoto. Vumbi la chaki likapaa, wakacheka. Na yeye alicheka. Nilimwona — alicheka kidogo, halafu akaanza kufunga mkoba wake na kengele bado.

Nyumbani hakula. Nilidhani ni mitihani.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimemwamkia Kifungo mimi kwanza, kwa utani. Kajibu: “Marahaba, Mwalimu.”

Mwalimu! Jikoni, nimevaa kandambili! Nikajitia sikusikia. Nikaomba sukari. Kanisogezea, kasema karibu, Mwalimu. Mama yake kaangalia kando.

Saa nne kafunga begi, kaenda kwa mama mdogo wake. Jumatatu ana mtihani? Hana. Kuna sherehe? Hakuna. Hakupiga kelele, hakulia. Afadhali angelia.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda huko. Nilijiandaa njia nzima, hoja zimejipanga vizuri. Kwamba kuna tofauti kati ya kutamani jambo na kulitaja kama mfano. Kwamba mtu ambaye hakuzaliwa hawezi kudhulumiwa, kwa kuwa hayupo wa kudhulumiwa. Hili la pili nilimwambia hivyo hivyo, kavu, sebuleni kwa watu. Nilipolisikia likitoka mdomoni nilitamani kulirudisha.

Mama mdogo, shemeji yangu huyu, hana simile. Kaniuliza kama nimekuja kuomba radhi au kusahihisha mtihani. Halafu kanipa habari. Kuna shule mtaa wao, jirani tu, nafasi ipo. Kifungo anataka kuhamia huko, akae naye moja kwa moja. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kwangu.

Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa anakunja nguo za watu wengine.

Nikasema siruhusu. Kifungo kasema ataongea na mama. Nimerudi kwa miguu, basi sikulitaka, ningekaaje.

Jumanne, 11 Juni

Usingizi umegoma. Darasani kiti cha Kifungo kitupu, nimefundisha ovyo, Wakili kaniuliza mara mbili kama naumwa. Katoni ipo kwenye kona. Kuna aliyeichora madirisha.

Jioni nimepita dukani kwa mke wangu. Ana mashine mpya siku hizi, haitafuni mtu. Nikamwambia amkatalie mtoto asihame. Kasema mtoto ameshamweleza, na yeye ameshasikiliza, na hatakataa wala hatakubali mpaka Ijumaa. Nikamwambia kosa lenyewe dogo, ni mfano wa ubaoni tu, kila mtu anajua nilibaki kwa ajili yake yeye. Akaendelea kupanga karatasi.

“Hukubaki kwa ajili yangu,” kasema. “Uliogopa ndege.”

Mteja alikuwa amesimama pale pale na kitambulisho chake! Sikuwa na pa kuweka uso. Mke wangu akamtolea nakala, akachukua pesa, akanigeukia tena, wala hakuwa na hasira. Kasema ameishi na hilo miaka yote, halimsumbui, mwoga kapata mke mzuri. Lakini yule mtoto si mjinga. Hakuumia kwa sababu nilisema ningeondoka. Aliumia kwa kuwa nilimfuta nikiwa nacheka, na sikugeuka kumwangalia mpaka nilipomaliza kukung'uta mikono.

Nikakataa. Nikasema niligeuka. Tumefunga duka tukarudi nyumbani.

Sikugeuka. Nimekaa hapa nakumbuka, sikugeuka.

Alhamisi, 13 Juni

Hajapiga simu. Nimempigia, mama mdogo kapokea, kasema anaoga. Nimepiga tena. Bado anaoga! Kesho nitamwambia nini? Kila ninachoandika nakikata. Chumba chake kina baridi. Nimelala kidogo kitandani kwake mchana, kama mwizi, nikaamka na shuka usoni.

Ijumaa, 14 Juni

Naandikia ndani ya katoni. Magoti yapo kidevuni. Kalamu ya rejista. Haraka haraka.

Kifungo alikuja kipindi cha mwisho. Nikadhani kaja kuaga. Akasimama mbele, akasema leo ni zamu ya Mwalimu. Wakapiga makofi, wakagonga madawati. Nikaingia, ningefanyaje. Akafunga mabawa ya katoni, mwanga ukabaki kwenye tundu la kushikia.

Mwaka gani huko? Mwaka wa ndege, nikasema. Umeshika nini? Tiketi. Nilijua la tatu linakuja. Nilidhani atauliza kama napanda. Hakuuliza.

“Unanijua?”

Maneno matamu nilikuwa nayo, wiki nzima nayapika. Nitakujua popote, mwanangu, na mengine kama hayo. Lakini kanuni nimeziweka mimi. Na yeye alikaa humu akasema kweli tupu, angeunusa uongo wangu kabla haujatoka.

“Sikujui,” nikasema.

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa, kikaja kusimama ubavuni mwa katoni.

“Basi kaa humo mpaka unijue.”

Kengele ikalia, wakatoka wananong'ona. Kiti hakikusogea. Nikasema, mwaka umepita. Kuna harusi, mvua inanyesha, turubai linavuja juu ya keki. Nikasema, mwaka mwingine, kuna mtoto, nywele hadi masikioni, analia akibebwa na mtu yeyote ila mama yake. Akasema niendelee. Nikaendelea. Kifungo cha shati: tumekimbilia hospitali, daktari kasema kitatoka chenyewe, mimi na mama yake tumekuwa walinzi wa poti. Hapo nilisikia kapumua puani, kama kicheko. Darasa la kwanza, kiatu cha kushoto kavaa kulia, na hataki kusaidiwa. La pili, surua, nyumba nzima mapazia yamefungwa. La tatu, hana meno ya mbele na amekazana kupiga mluzi. La nne.

Nikatafuta. Hamna. Mwaka mzima, hamna kitu! Ndio mwaka nilioanza kusoma visa vya safari za wakati. Nakula na kitabu, nalala na kitabu. Majina ya wafalme wa miji isiyokuwepo ninayo hadi leo. Yeye simwoni.

Alinisubiri. Halafu mlinzi kaja na funguo zake, anataka kufunga darasa. Kifungo kainuka, kamkuta mlangoni. Nimesikia anamwambia amvumilie kidogo, baba amekwama darasa la nne.

Kasema baba. Mlinzi anauliza amekwamaje, mtu mzima. Wamo koridoni bado, anamweleza, mlinzi anacheka.

Natafuta. Darasa la nne, darasa la nne. Na — ngazi! Jumatatu ile, humu humu, alikaa akasema yuko kwenye ngazi ananisubiri. Mimi nikampigia makofi.

Ngazi zipi? Za shule? Za kliniki? Nilikuwa nimemwahidi nini? Sikumbuki, sikumbuki kabisa. Alisema bado anasubiri.

Viatu vyake vinarudi. Kiti kimelia. Sina la kumsimulia, itabidi nimuulize yeye. Nitamuuliza kama nilifika.